Kuitambua Mapema Hatari ya Kutokwa na Damu kwa Wagonjwa wa Ini: Mafunzo kutoka Ngara na Biharamulo

SOMO LA AFYA

Katika mambo yanayoitia jamaa hofu kubwa ni kumwona mtu mzima, aliyekula chakula chake cha jioni akalala salama, anaamka usiku wa manane na kutapika damu beseni zima. Majirani hukusanyika, na kila mmoja husema lake. Yupo atakayesema amelishwa kitu, na yupo atakayesema ni vidonda vya tumbo. Mara nyingi ukweli ni mwingine. Damu ile hutoka katika mishipa iliyovimba ndani ya umio, na mishipa hiyo imevimba kwa sababu ini la mtu huyo liliharibika miaka mingi kabla ya usiku ule.

Somo hili linakusudiwa kuwafahamisha wananchi namna matabibu wanavyoweza kumtambua mgonjwa aliye katika hatari hiyo kabla damu haijatoka, kwa kutumia vipimo ambavyo havihitaji kuingiza chombo chochote mwilini isipokuwa sindano ndogo ya kutolea damu. Mfano unachukuliwa kutoka Wilaya za Ngara na Biharamulo, Mkoa wa Kagera, kwa kuwa hali ya huko inaonesha waziwazi kwa nini elimu hii ina thamani.

1. HALI YA WILAYA HIZO MBILI

Ngara imepakana na nchi za Rwanda na Burundi. Ni nchi ya vilima na migomba, na mito ya Ruvubu na Kagera hupita humo. Biharamulo iko upande wa mashariki ya Ngara. Zamani wilaya hiyo ilifika hadi ufukweni mwa Ziwa Victoria, lakini mwaka 2005 sehemu ya ziwani ilitengwa ikawa Wilaya ya Chato, na mwaka 2012 Chato ikaingizwa katika Mkoa mpya wa Geita. Mpaka wa utawala ulihama, ila shughuli za watu hazikuhama, kwani wapo wenyeji wa Biharamulo ambao bado huenda ziwani kuvua na kufanya biashara ya dagaa na sangara.

Wilaya hizo zina hospitali zenye historia ndefu, zikiwemo Murgwanza na Rulenge kwa upande wa Ngara. Hata hivyo, hospitali kubwa ya rufaa ya Kanda ya Ziwa ni Bugando, iliyopo mjini Mwanza, ambayo ilifunguliwa mwaka 1971. Mgonjwa anayetoka Ngara kwenda Bugando hupita Biharamulo na Geita, safari inayokula takriban siku nzima. Kwa miaka mingi msafiri huyo alilazimika pia kusubiri kivuko baina ya Busisi na Kigongo, mpaka lilipofunguliwa daraja mahali hapo mwezi wa Juni, 2025. Daraja limeondoa usumbufu wa kivuko, lakini halikufupisha nchi kavu iliyobaki. Mgonjwa anayetapika damu huhesabu maisha yake kwa saa, na kwa sababu hiyo hatari yake yapaswa kujulikana angali mzima, ili safari ifanywe kwa utulivu na si kwa kukimbizana na mauti.

2. INI NA MSHIPA WAKE MKUU

Ini ni kiungo kikubwa kilicho upande wa kulia, chini ya mbavu. Kazi zake ni nyingi. Huchuja sumu, hutengeneza protini za damu, huhifadhi nguvu ya chakula na hutoa nyongo. Damu yote inayotoka tumboni, katika matumbo na katika wengu hukusanyika katika mshipa mmoja mkuu, ambao katika somo hili tutauita mshipa wa lango la ini. Kwa mtu mzima, karibu lita moja na nusu ya damu hupita katika ini kila dakika, na robo tatu ya damu hiyo huingia kwa njia ya mshipa huo.

Ini lenye afya ni laini, na damu hupenya bila taabu. Msukumo wa damu katika mshipa wa lango, ukilinganishwa na ule wa mishipa inayotoka ini, huzidi kwa milimita 5 za zebaki au chini yake. Ini likijaa makovu, njia hufinyika na msukumo hupanda. Mfano wake ni mto uliozibwa mdomoni: maji hayasimami, bali hutafuta vijito vya pembeni. Damu nayo hutafuta vijito, na miongoni mwa vijito hivyo ni mishipa midogo iliyo mwishoni mwa umio na mwanzoni mwa tumbo la chakula. Mishipa hiyo haikuumbwa kubeba mzigo huo. Hutanuka, ngozi yake ikawa nyembamba, na hatimaye hupasuka.

Wataalamu wamethibitisha kwamba tofauti hiyo ya msukumo ikifika milimita 10, mgonjwa ameingia katika daraja la hatari, kwani mishipa ya umio huweza kuanza kuvimba. Ikifika milimita 12 na kuendelea, mishipa iliyovimba huweza kupasuka. Kipimo chenyewe cha msukumo hufanywa kwa kupitisha mpira mwembamba katika mishipa hadi kwenye ini, kazi inayohitaji mitambo na wataalamu wasiopatikana katika hospitali ya wilaya. Kwa hiyo msukumo hutafutwa kwa dalili zake, kama vile moto unavyojulikana kwa moshi.

Dalili mbili ni za msingi. Ya kwanza ni wengu. Damu inaporudi nyuma, wengu huvimba. Ya pili hutokana na ya kwanza, nayo ni kupungua kwa chembe sahani, yaani zile chembe ndogo za damu zinazosaidia damu kuganda. Wengu uliovimba huzizuia chembe hizo ndani yake, na ini lililoharibika hutoa kidogo kile kichocheo kinachouamrisha uboho kuzitengeneza. Hivyo idadi ya chembe sahani ikishuka kwa mgonjwa wa ini, huwa ni kama barua inayoeleza habari za msukumo usioonekana.

3. VYANZO VIWILI, HATARI MOJA

Katika Kanda ya Ziwa yapo maradhi mawili makuu yanayofikisha mtu katika hali hiyo, nayo hayafanani.

(a) Sirosisi. Haya ni maradhi ambayo chembe za ini hufa na nafasi yake ikashikwa na makovu, hata ini likawa gumu, lenye vinundu, na likasinyaa. Sababu zake kubwa ni virusi vya homa ya ini aina ya B na aina ya C, ulevi wa muda mrefu, na mafuta kujaa katika ini kwa wenye unene na kisukari. Kagera ni nchi ya migomba, na pombe ya ndizi ina nafasi yake katika harusi, misiba na mapatano. Lakini ini halitofautishi pombe ya heshima na pombe ya kilabuni, wala gongo na chupa ya dukani. Linachohesabu ni kiasi na miaka. Mwenye virusi vya B ambaye pia ni mlevi huharibikiwa upesi zaidi.

(b) Kichocho cha matumbo. Vijidudu vyake huishi katika konokono wa maji baridi, huingia mwilini kwa kupenya ngozi ya anayeoga, anayevua au anayefua ziwani, na minyoo iliyokomaa hukaa katika mishipa ya matumbo. Mayai yake husombwa na damu hadi kwenye ini, yakakwama kandokando ya matawi ya mshipa wa lango na kuacha makovu. Hapa chembe za ini zenyewe husalimika kwa muda mrefu. Ndiyo maana mvuvi mwenye kichocho kikubwa huweza kuonekana ana nguvu, macho hayana manjano, na bado akatapika damu ghafla. Mwambao wa Mwanza, Sengerema na visiwa vya Ukerewe vinajulikana sana kwa maradhi haya, na madaktari wa Bugando wamefanya utafiti juu ya wagonjwa wao wanaotapika damu kwa sababu hiyo.

Tofauti ya vyanzo hivi isisahauliwe, kwani tutaona mbele kwamba kipimo kinachofaa kwa mmoja huenda kikampotosha tabibu kwa mwingine.

4. KWA NINI KUTABIRI

Njia ya uhakika ya kuiona mishipa ya umio ni endoskopi, yaani kumezeshwa mpira wenye kamera. Ni kipimo kizuri, na kupitia mpira huo daktari huweza hata kuifunga mishipa kwa vipete vya mpira. Lakini chombo chake ni ghali, wataalamu wake ni wachache, na mgonjwa wa vijijini hukifikia kwa nauli, malazi na siku za kazi zilizopotea.

Kwa upande wa pili, si kila mwenye sirosisi ana mishipa iliyovimba. Miongoni mwa wanaogunduliwa, karibu nusu huwa nayo. Kwa wale walio nayo, kati ya 5 na 15 katika kila 100 hutokwa na damu kila mwaka, kutegemea ukubwa wa mishipa na udhaifu wa ini. Na wanaotokwa na damu, 15 hadi 20 katika kila 100 hufariki ndani ya wiki sita, hata katika hospitali zenye vifaa kamili. Basi swali la tabibu wa Biharamulo ni hili: kati ya wagonjwa kumi wa ini walioko mbele yake, ni nani wapelekwe Mwanza wiki hii, na ni nani wanaweza kubaki wakiangaliwa nyumbani? Akiwapeleka wote, atawafilisi wengi bila ya sababu. Asipompeleka yeyote, huenda akamzika mmoja wao.

5. VIPIMO VYENYEWE

Vifuatavyo ni vipimo vinavyotumika kutabiri, kuanzia kilicho rahisi.

(i) Macho na mikono ya tabibu. Wengu unaopapaswa chini ya mbavu za kushoto, maji yaliyojaa tumboni, mishipa iliyojitokeza juu ya ngozi ya tumbo, viganja vyekundu na macho ya manjano, kila kimoja kati ya hivi huongeza shaka. Mgonjwa ambaye tumbo limekwisha jaa maji yumo hatarini zaidi kuliko ambaye hajafikia hapo.

(ii) Hesabu ya chembe sahani. Kwa mtu mzima mwenye afya, idadi yake ni kati ya 150,000 na 400,000 katika kila maikrolita ya damu. Kipimo hiki hutoka katika mashine ile ile ya picha kamili ya damu ambayo hospitali nyingi za wilaya zinayo. Idadi inapoteremka chini ya 150,000 kwa mgonjwa wa ini, shaka huanza. Inapofika chini ya 100,000, shaka huwa nzito.

(iii) Altrasaundi. Kwa mawimbi ya sauti yasiyodhuru, mpimaji huona kama ini lina vinundu, hupima urefu wa wengu, ambao kwa kawaida hauzidi sentimita 12 au 13, na hupima upana wa mshipa wa lango, ambao kwa kawaida hauzidi milimita 13. Kwa kichocho upo utaratibu maalumu uliokubaliwa katika mkutano wa Niamey, nchini Niger, mwaka 1996, chini ya Shirika la Afya Duniani. Utaratibu huo huainisha picha za makovu kwa herufi na kuulinganisha upana wa mshipa na kimo cha mgonjwa.

(iv) Uwiano wa chembe sahani na wengu. Mwaka 2003, Giannini na wenzake wa Italia walitoa hesabu nyepesi: chukua idadi ya chembe sahani, igawe kwa urefu wa wengu kwa milimita. Jawabu likiwa 909 au chini yake, mishipa ya umio inatazamiwa kuwapo. Likizidi, uwezekano ni mdogo. Tafiti zilizofuata zilionesha kuwa hesabu hii si kamilifu, na haifai kuwa hakimu wa mwisho. Lakini ni kipimo ambacho karatasi na kalamu zinatosha kukikamilisha.

(v) Hesabu ya APRI. Hii hutumia kimeng'enya cha ini kiitwacho AST. Kiwango cha mgonjwa hugawanywa kwa kiwango cha juu cha kawaida cha maabara, kisha hugawanywa kwa chembe sahani zilizohesabiwa kwa maelfu, na mwisho huzidishwa kwa 100. Katika mwongozo wake wa mwaka 2024 kuhusu homa ya ini aina ya B, Shirika la Afya Duniani lilieleza kuwa jawabu linalozidi 1 kwa mtu mzima huashiria sirosisi. Izingatiwe kwamba APRI hueleza makovu ya ini, haioneshi mishipa ya umio moja kwa moja.

(vi) Kipimo cha ugumu wa ini. Mashine hii, iliyobuniwa Ufaransa, hugonga ubavu kwa wepesi na kupima kasi ya wimbi linalopita katika ini. Jawabu lake hutolewa kwa kilopaskali. Mkutano wa wataalamu uliopewa jina la mji wa Baveno, Italia, uliamua mwaka 2015 kwamba mgonjwa wa sirosisi ya awali ambaye ugumu wa ini lake haufiki kilopaskali 20, na chembe sahani zake zinazidi 150,000, anaweza kuepushwa na endoskopi, kwa kuwa wenye mishipa ya hatari miongoni mwa watu wa namna hiyo hawafiki 5 katika 100. Masharti hayo mawili huenda pamoja. Mwenye kutimiza moja tu hakutimiza.

Hapa liongezwe neno kuhusu kipimo cha kuganda kwa damu kiitwacho INR. Wengi hudhani kwamba jawabu lake likipanda, mgonjwa wa ini yu karibu kutokwa na damu. Sivyo. Ini lililoharibika hupunguza protini za kugandisha damu, na hupunguza pia zile zinazozuia isigande. Pande mbili za mizani hushuka pamoja. Kinachopasua mishipa ya umio ni msukumo. Kipimo cha INR kinaonesha jinsi ini lilivyodhoofika, na kwa njia hiyo kinasaidia kupima uzito wa maradhi, lakini si mtabiri wa mpasuko.

6. MIFANO MITATU

Ili msomaji apate kufahamu, tuchukue mifano ya kubuni.

Mfano wa kwanza: mkulima wa Ngara mwenye virusi vya B, chembe sahani 210,000, wengu milimita 115. Tukigawa, tunapata 1,826. Jawabu ni kubwa kuliko 909. Hana maji tumboni wala manjano. Huyu ataanzishiwa dawa za virusi akistahiki, aache pombe, na apimwe tena baada ya muda atakaopangiwa. Safari ya Mwanza yaweza kungoja.

Mfano wa pili: mtu wa Biharamulo mwenye sirosisi ya ulevi, chembe sahani 90,000, wengu milimita 165. Jawabu ni 545. AST yake ni 80, na kiwango cha juu cha kawaida ni 40, kwa hiyo APRI yake ni 2.2. Dalili zote zinaelekea upande mmoja. Huyu asirudishwe nyumbani na kuambiwa aje akizidiwa. Apelekwe akapimwe, au daktari amwanzishie dawa ya kupunguza msukumo.

Mfano wa tatu: mwanamke kijana anayeishi sehemu yenye malaria kila msimu, chembe sahani 120,000, wengu milimita 180. Jawabu ni 667, nalo linaogopesha. Lakini altrasaundi inaonesha ini laini na mshipa wa lango wenye upana wa kawaida, na vipimo vya virusi na kichocho havikuonesha kitu. Wengu wake huenda umekuzwa na malaria ya mara kwa mara, wala si na ini. Hesabu ni sahihi, ila swali lililoulizwa silo.

7. MAKOSA YA KUEPUKWA

Mfano wa tatu unatufikisha kwenye onyo lenyewe. Vipimo hivi vingi vilitungwa Ulaya, kwa wagonjwa wasio na malaria wala kichocho. Mtu mwenye malaria kali huteremka chembe sahani kwa siku chache kisha zikapanda. Virusi vya UKIMWI, dengi na baadhi ya dawa pia huziteremsha. Kwa hiyo hesabu isifanywe mgonjwa akiwa na homa. Ingojwe apone, na ikiwezekana irudiwe.

Kosa la pili ni kuitumia mashine ya ugumu wa ini kwa mgonjwa wa kichocho kana kwamba ana sirosisi. Kwa kuwa makovu ya kichocho hufuata mishipa na kuiacha nyama ya ini, ini laweza kupimwa likaonekana si gumu sana, na hali mishipa ya umio imevimba tayari. Kwa mgonjwa wa aina hii, wengu, chembe sahani na picha ya altrasaundi husema ukweli zaidi.

Kosa la tatu ni la mgonjwa mwenyewe, naye ni kuyachukua majibu mazuri ya mwaka huu kuwa ni hati ya maisha. Mwenye sirosisi ambaye hana mishipa leo anaweza kuwa nayo baada ya miaka miwili au mitatu, hasa akiendelea kunywa.

8. BAADA YA HATARI KUJULIKANA

Elimu isiyo na tendo haina faida. Mwaka 1980 na 1981 Lebrec na wenzake wa Ufaransa walionesha kwamba propranololi, dawa ya bei nafuu ya moyo na shinikizo la damu, hupunguza msukumo katika mshipa wa lango na kuzuia damu isitoke tena. Dawa nyingine ya ukoo huo ni kavediloli. Mkutano wa Baveno uliofanyika mwaka 2021 ulipendelea kavediloli, na ukaeleza kwamba mgonjwa wa sirosisi ambaye vipimo vya nje vimekwisha onesha msukumo mkubwa anaweza kuanzishiwa dawa hiyo bila kungojea endoskopi. Kwa aliye mbali na hospitali kubwa, uamuzi huo una uzito wake. Lakini dawa hizi si za kununua na kujitibu. Mwenye pumu, mwenye mapigo ya moyo ya polepole na mwenye shinikizo la chini zinaweza kumdhuru.

Pamoja na hayo, chanzo chenyewe kishughulikiwe. Mwenye kichocho ameze prazikwanteli kwa kadiri ya uzito wake, akijua kwamba dawa huua minyoo lakini haiondoi mara moja mishipa iliyokwisha vimba. Mwenye virusi vya B aangaliwe kama anastahiki tenofovia. Mlevi aache pombe kabisa. Na wote wajiepushe na aspirini, diklofenaki na ibuprofeni, dawa ambazo hununuliwa ovyo madukani kwa ajili ya maumivu ya mgongo na viungo.

9. DAMU IKITOKA

Dalili ni kutapika damu nyekundu au iliyo kama machicha ya kahawa, na kupata choo cheusi chenye kunata kama lami. Choo cheusi peke yake kinatosha kuwa sababu ya kwenda hospitali usiku huo huo, hata kama hakuna matapishi. Mgonjwa alazwe kwa ubavu wa kushoto ili asipaliwe, asipewe chakula wala dawa ya miti shamba, na afuatane na jamaa walio tayari kutoa damu. Jamaa waeleze mapema kwamba ana maradhi ya ini au amewahi kuishi ziwani, kwa kuwa neno hilo moja hubadilisha matibabu.

Hospitalini atapewa dawa ya kubana mishipa ikiwapo, na dawa za kuua vijidudu, kwani maambukizi huwaua wengi wa wagonjwa hawa. Ataongezewa damu kwa kiasi. Utafiti uliofanywa Barcelona, Hispania, na kutangazwa mwaka 2013 ulionesha kwamba kuongeza damu pale tu kiwango kinapoteremka chini ya gramu 7 kulikuwa bora kuliko kuongeza kwa wingi, kwa sababu damu ikizidi msukumo hurudi. Basi jamaa wasilalamike wakimwona daktari amesimamisha chupa ya pili.

10. FAIDA KWA WANANCHI WA VISIWANI

Huenda msomaji wa Unguja au Pemba akauliza, ya Ngara yanatuhusu nini? Yanatuhusu kwa njia tatu. Kwanza, kichocho kinachojulikana sana visiwani ni kile cha njia ya mkojo, ambacho hudhuru zaidi kibofu. Lakini wapo vijana wetu wanaokwenda Kanda ya Ziwa kwa uvuvi, biashara na masomo, nao wakirudi na kuugua yafaa wamwambie daktari walikokaa. Pili, virusi vya homa ya ini aina ya B havijui bahari. Chanjo yake iliingizwa katika chanjo za watoto nchini Tanzania mwaka 2002, na mzazi asiyemkamilishia mtoto wake chanjo anamwachia deni ambalo hulipwa baada ya miaka thelathini au arobaini. Waliozaliwa kabla ya hapo hawakuipata utotoni, kwa hiyo wanashauriwa kupima. Tatu, mkaazi wa kisiwa kidogo anayengoja boti usiku wa dhoruba hana tofauti na mkulima wa Ngara aliyekuwa akingoja kivuko. Kwa wote wawili, hatari inayojulikana mapema ndiyo inayoweza kuepukwa.

Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua. Mwenye ini lenye kasoro na aulize mambo matatu kwa daktari wake: chembe sahani zangu ni ngapi, wengu wangu una urefu gani, na je, ninahitaji dawa au endoskopi? Majibu yaandikwe katika kadi yake na kadi ihifadhiwe, kwani atakayempokea usiku wa dharura huenda akawa tabibu asiyemjua.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini chembe sahani hupungua kwa mgonjwa ambaye msukumo katika mshipa wa lango la ini umepanda?

2. Mgonjwa wa sirosisi ana chembe sahani 100,000 na wengu wa milimita 150. Uwiano wake ni upi, nao unaashiria nini?

3. Kwa nini kipimo cha ugumu wa ini kinaweza kumpotosha tabibu wa mgonjwa wa kichocho?

4. Taja sababu mbili, zisizo za ini, ambazo zinaweza kupunguza chembe sahani za mkaazi wa Kagera.

5. Mgonjwa wa ini amepata choo cheusi jioni, lakini hatapiki na anasema hana maumivu. Jamaa zake wafanye nini?

Majibu: (1) Wengu uliovimba huzizuia, na ini hutoa kidogo kichocheo cha kuzitengeneza. (2) Ni 667. Ni chini ya 909, kwa hiyo mishipa ya umio inatazamiwa kuwapo na mgonjwa apimwe zaidi. (3) Makovu ya kichocho hufuata mishipa, nyama ya ini husalimika, hivyo ini huweza kuonekana si gumu. (4) Malaria na virusi vya UKIMWI. Dengi na baadhi ya dawa pia ni jibu sahihi. (5) Wampeleke hospitali usiku huo huo, wala wasingojee atapike damu.